Chumba Kilichofagiwa

Chumba cha nyuma baba alikijenga kwa matofali yaliyobaki alipomaliza nyumba kubwa. Ndiyo maana ukuta wake mmoja ulikuwa mfupi kuliko nyingine, na bati liliinama upande kama kofia ya mtu aliyetoka kunywa. Alisema kitakuwa cha wageni wa kaskazini, kwa sababu mtu wa reli hakosi wageni. Lakini wageni walipokuja walitaka kulala nasi, karibu na mazungumzo, na chumba kikabaki na nyenje. Mwishowe kikapata mpangaji, na hapo ndipo yalipoanza haya ninayoyakumbuka.

Siku hizi vijana wenye nyumba huja kuniuliza, kwa kuwa nimepangisha vyumba maisha yangu yote: mpangaji amefunga mlango akaondoka, haonekani, nifanye nini? Ninawajibu kwa ufupi, wanaondoka wameridhika. Siwaelezi nilikolipata jibu hilo. Ni hadithi ndefu, na siisimulii vizuri mdomoni.

Tulikuwa tukikaa Kamalondo, mtaa wa Elisabethville, mji ambao leo ni Lubumbashi, miaka ile kabla ya vita kubwa ya pili, wakati mji ulikuwa bado unajifunza kuwa mji. Mama alitangulia, katika kujifungua mtoto ambaye hakukaa. Baba alimfuata baada ya masika mawili, kwa ugonjwa wa kifua. Nilikuwa mkubwa wa watoto. Nyuma yangu alikuwapo dada yangu, kisha wavulana wawili wasiotulia, kisha msichana wa mwisho ambaye alimkumbuka mama kwa harufu tu. Niliacha shule ya mapadri katikati ya mwaka, nikaenda barazani kwa fundi cherehani kupiga pasi ya makala na kushona vifungo. Sikulalamika. Mzaliwa wa kwanza hapewi nafasi ya kuchagua, na nilikuwa nimeona namna baba alivyokwenda kazini hata akikohoa.

Mpangaji wetu alikuwa mtu wa Luapula, mchuuzi wa samaki wakavu. Alipanda lori kwenda Kasenga, akakaa huko siku kadhaa akinunua kwa wavuvi, akarudi amekaa juu ya vikapu vyake, uso mweupe kwa vumbi. Paka wa mtaa mzima walihamia kwetu. Alikuwa mtu mzima, bila mke tuliyemjua, mwenye sauti kubwa na mikono iliyonuka chumvi. Jioni aliweka mbabula yake mbele ya mlango, lile jiko la bati lililotobolewa ambalo kila nyumba ya Kamalondo ilikuwa nalo, akachoma samaki na kuwachokoza watoto.

Baba alipokufa, watu walidhani atahama. Lupango ambamo mume na mke wamekufa wakifuatana, watu huliogopa, na lupango kwetu ni kiwanja kizima, nyumba na ua na uzio wake. Jirani yetu wa kushoto, mke wa mwashi mmoja, alimwuliza waziwazi kwenye uzio.

"Na weye, hauogope? Lupango hii inakula bantu."

"Inikule miye? Mama, miye niko na mifupa mingi kuliko samaki. Itanitapika."

Akabaki. Kila aliporudi kutoka Kasenga, dada yangu alipata vichwa vya samaki kwa mchuzi, na mdogo wetu alipata mzaha.

"Kula kichwa, mama. Kichwa kinaleta akili. Angalia yaya yako, hakukula ya kutosha, njo maana anapiga pasi."

Yaya, yaani kaka mkubwa, ndiye mimi. Nilikuwa nacheka, lakini ndani nilijua kwamba kodi yake na vile vichwa ndivyo vilivyotuweka pamoja. Mshahara wa fundi ulitosha unga, si zaidi. Na baba mdogo, yaani ndugu mdogo wa baba aliyefanya kazi kwenye stesheni moja mbali kaskazini, alikuwa ameshasema neno lake siku tulipomaliza matanga. Alikaa kwenye kiti cha baba akasema:

"Nitarudi kiangazi kijacho. Nikikuta munalala njaa, nitabachukua. Basichana kwa shangazi, bavulana kwangu. Weye utabaki na mabati yako."

Hakusema kwa ubaya. Alikuwa na watoto wake na nyumba ya kampuni yenye vyumba viwili. Lakini nilimtazama dada yangu, naye alikuwa amemshika mdogo wetu kwa nguvu mpaka mtoto akaanza kulia. Siku ile niliapa, bila kumwambia mtu, kwamba hakuna atakayetolewa katika lupango lile.

Mvua zilipokuwa zinaisha, mpangaji wetu alifunga mlango kwa kadenasi yake, yaani kufuli, akatia ufunguo kwenye uzi shingoni, akaenda kupanda lori. Alimwambia mdogo wetu kwamba atarudi kabla mahindi ya uani hayajakauka. Mahindi yalikauka. Tukayavuna, tukayasaga, tukayala. Hakurudi.

Miaka ile vyumba vilivyoachwa havikuwa jambo geni. Kazi zilikuwa zimepungua, na watu wengi waliondolewa kwenye mashimo ya madini na karakana, wakapandishwa treni na wake zao kurudi walikotoka. Wengine waliondoka alfajiri bila kuaga ili wasiulizwe kodi. Kila mwenye nyumba alikuwa na namna yake. Mmoja wa mtaa wetu aliuza kitanda cha mpangaji wake wiki ileile, na mtu akarudi kutoka hospitali, amefungwa mguu, akiwa na polisi. Mwingine aliheshimu kadenasi ya mtu mpaka mchwa wakala mlango, na kadenasi ikabaki inaning'inia kwenye kipande cha ubao, na ndani hakukuwa na kitu zaidi ya godoro la majani. Nilikuwa nawafikiria hao wawili kila siku nikipiga pasi. Sikutaka kuwa kama mmoja wao.

Mke wa mwashi hakuwa na shaka yoyote.

"Vunja!"

"Mama, si mlango wangu."

"Si mlango yako? Ukuta ni ya nani? Bati ni ya nani? Yeye analeta kadenasi tu, na weye unaogopa kadenasi! Baba yako angekuwa amekwisha kuvunja."

"Baba angengoja."

"Baba yako alikuwa na mshahara. Weye uko na vifungo."

Alikuwa na sababu yake, na hakuificha. Mdogo wa mume wake, mwashi vilevile, alikuwa ameoa, na mke alikuwa mjamzito, na walikuwa wanabanana kwake. Walitaka chumba. Wangelipa vizuri, nao walikuwa watu wa heshima. Nikawaambia wangoje. Kwetu kaskazini, mkubwa wa nyumba anaweza kufungua mlango wa mtu aliyepotea, mradi aite majirani washuhudie na vitu vitunzwe. Lakini mpangaji wetu hakuwa mtu wa kwetu. Katika Kamalondo watu wa kila upande walikaa ukuta kwa ukuta, na nilikuwa nimeona ugomvi mkubwa ukitokea kwa sababu mtu alimfanyia mwenzake desturi ya kwao yeye badala ya desturi ya mwenzake. Nilitaka afanyiwe ya kwao. Sikutaka iwepo siku ambapo mtu atasema mayatima wa baba fulani walimpora mgeni.

Kwa hiyo nilianza kuuliza. Nilikwenda sokoni, upande wa samaki, ambako wanawake wa Luapula walikaa nyuma ya vichanja vyao wakifukuza nzi kwa matawi.

"Eh, fundi wa vifungo! Uko natafuta samaki ao muke?"

"Ninatafuta mtu, mama."

Nikawaeleza. Wakaacha kucheka. Mmoja alisema amesikia mtumbwi ulipinduka. Mwingine alisema hapana, upande ule wa mto kuna ugonjwa wa malale, watu wanashikwa, wanachomwa sindano, hakuna anayepewa karatasi ya njia. Wa tatu alisema wanaume wa Luapula wana wake pande zote mbili za mto, na huyu labda amekumbuka mmoja wao. Hakuna aliyejua. Nikawauliza nifanye nini na mlango.

Mwanamke mkubwa wao aliweka tawi lake chini.

"Usifungue kwa mukono yako. Ndugu yake pia hawezi. Tafuta mutani yake."

Utani naujua, kila mtu anaujua kwa namna fulani. Hata kwetu kulikuwa na watu tuliowatukana kwa mapenzi. Lakini kwa watu wa Luapula utani ni wa koo, na una kazi ambayo sikuijua yote. Nilielewa tu kwamba mtani ana ruhusa ya kuingia pasipoingiliwa na kuchukua kisichochukuliwa, na hakuna awezaye kumshitaki. Hiyo ilinitosha. Niliona nimepata njia safi.

Mtani aliyepatikana alikuwa kikongwe aliyeuza munkoyo, ile pombe tamu ya mahindi na mizizi, karibu na uwanja wa mpira. Watu wote walimwita Kambo, yaani bibi. Nilimkuta akikoroga. Nilipomtajia mpangaji wetu, aliachia mwiko na kupiga makofi.

"Yule mwizi! Yule mufupa wa samaki! Alinikatalia chumvi, miye, mutani yake! Na sasa amepotea?"

"Amepotea, Kambo. Mvua zilipokuwa zinaisha."

"Muzuri. Nitakuya."

Alikuja Jumapili baada ya misa, mchana, ufagio mpya wa majani begani kama bunduki. Majirani walikuwa wameshajaa uani. Watoto wangu, nasema wangu, walikaa mstari mmoja kwenye kizingiti cha nyumba kubwa. Kambo alisimama mbele ya mlango wa chumba cha nyuma akaanza kumtukana asiyekuwapo.

"Toka! Toka, samaki ya kuoza! Unaachia batoto ya bantu nyumba na panya! Uliona mwanamuke gani huko, mwenye meno mangapi? Toka nikuone!"

Watu walicheka mpaka mke wa mwashi akashika uzio. Mimi pia nilicheka. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza tangu matanga ya baba. Kisha Kambo akanigeukia, akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeuliza kama atie chumvi:

"Mwana, nifungue tu, ao nifagie pia?"

Sikufikiri hata kidogo. Nilikuwa kijana wa kumaliza kazi. Shati lililopigwa pasi mbele tu, fundi alinirudishia.

"Fanya yote, Kambo. Kama inavyotakiwa."

Aliniangalia kidogo, akaitika kwa kichwa. Mwashi akavunja kadenasi kwa nyundo, na Kambo akaingia peke yake. Alitoa vitu kimoja kimoja, akikitaja kila kimoja kwa sauti ili majirani wasikie: sanduku la bati, sufuria, mizani ya kupimia samaki, picha ya Bikira Maria, mkeka, koti. Kofia aliivaa mwenyewe. Blanketi alilitia kwapani. Hiyo ilikuwa haki yake, na watu walishangilia. Kisha alifagia, kutoka ukuta mfupi mpaka mlangoni, mpaka nje, mpaka njia. Mwisho akaichukua mbabula, akamwaga majivu ya zamani nje ya lupango, akaipindua chini juu pembeni mwa ukuta. Hapo hakucheka. Aliinama, akapiga makofi mawili matatu polepole, kama watu wa kwao wanavyoheshimu mkubwa, akaondoka na kofia kichwani.

Vitu vyote nilivihifadhi ndani ya nyumba kubwa, chini ya kitanda cha baba. Mwashi kijana na mke wake waliingia. Baada ya muda mtoto wao alizaliwa mle ndani, na wanawake wa mtaa wakaja kushangilia. Moshi ulipanda tena nyuma ya nyumba yetu, na mchuzi wetu ukapata mafuta.

Baba mdogo alikuja kiangazi kama alivyosema. Alifika mchana akiwa na mkoba mtupu wa kubebea nguo za watoto. Dada yangu aliuona ule mkoba kabla yangu. Alimwekea chakula: bukari, ule ugali wetu, na sombe ya majani ya mhogo, na samaki. Baba mdogo alikula, akatazama uani, akaona nguo za mtoto mchanga kwenye kamba, akaona moshi, akawaona wavulana wakirudi kutoka shule na vitabu. Alinawa mikono.

"Chumba kiko na muntu?"

"Kiko na muntu, baba."

"Muzuri."

Akalala siku mbili, akaondoka. Mkoba aliujaza mahindi tuliyompa. Nilimsindikiza stesheni na kurudi kwa miguu, na njiani niliona kila kitu kizuri, hata moshi wa yale mabomba makubwa ya kiwandani. Sijawahi tena kutembea vile katika mji ule.

Baada ya hapo, katika mwezi wa joto kabla ya mvua, mpangaji wetu alirudi.

Ilikuwa alasiri. Mimi nilikuwa naunda kiti uani. Nilimsikia mdogo wetu akipiga kelele, nikainua kichwa, nikamwona mtu mwembamba amesimama njiani, nje ya uzio, amenyolewa, na kifurushi mkononi. Nilimjua kwa sauti.

"Mama, umekuwa murefu! Vichwa vya samaki vilifanya kazi!"

Mtoto alikuwa ameshamkumbatia magoti. Nilikimbia. Alitueleza hapo hapo njiani. Walimshika kule mtoni, wakampima, wakasema ana malale. Walimweka katika kambi ya wagonjwa, wakamchoma sindano mpaka macho yakaingia giza, kisha yakarudi. Karatasi ya njia hawakumpa mpaka walipomaliza naye. Hakuna lori lililoruhusiwa kuchukua hata neno lake.

Mke wa mwashi kijana alitoka chumbani na mtoto mgongoni, akasimama, akaelewa. Mpangaji wetu pia alielewa, akamsalimu vizuri. Nikaanza kusema haraka. Nilisema vitu vyake vyote vipo, hata mizani. Nilisema atalala nami nyumba kubwa, tule pamoja, mpaka hawa wapate mahali pengine. Nilisema tulingoja.

"Nimeona. Usibatoshe inje hawa, mwanamuke iko na mutoto. Umetunza muzuri. Kadenasi alivunja nani, weye?"

"Hapana, baba. Nilifuata desturi ya kwenu. Nilimwita mtani wako."

Akacheka kwa ile sauti yake kubwa, na nikaona meno aliyopoteza.

"Yule muchawi wa munkoyo! Alichukua nini?"

"Kofia na blanketi."

"Kofia! Nilijua! Hata niko hai alikuwa anaiangalia!" Alipangusa macho. "Na alifagia?"

"Alifagia. Kila kitu kilifanywa."

Kicheko hakikukatika ghafla. Kilipungua polepole, kama maji yanayoingia mchangani. Alitazama nyuma yangu, akaiona mbabula yake bado imepinduliwa pembeni mwa ukuta, kwa maana hatukuthubutu kuitumia. Akaweka kifurushi chini, upande wa njia.

"Basi," alisema.

Mdogo wetu alikuwa akimvuta mkono aingie. Hakusogea.

"Niko mufu, mama. Bantu bafu habaingie mu lupango kwa mlango."

Alisema kama mzaha, na mtoto akacheka. Kisha akanieleza mimi, taratibu, bila hasira, na hilo ndilo liliniumiza. Kwao mtani ndiye anayemzika mtu. Ndugu wa damu hawagusi. Mtani anachimba kaburi, mtani anafagia nyumba ya marehemu na kupindua jiko lake, na anachukua cha kwake. Ufagio ukishapita, mwenyewe hana tena moto mahali pale. Akirudi kulala pale, analala juu ya kaburi lake mwenyewe, na wale wanaokaa naye wanalala naye humo. Si chumba tu. Lupango lote.

"Lakini uko hai," nilisema. "Padri atakwambia—"

"Padri atacheka. Miye pia ninasali kama weye. Lakini padri halali mule, na hawa batoto banalala mule." Akaniwekea mkono begani. "Mwana, kama ungevunja kadenasi kwa mukono yako, ningekutukana mpaka kesho. Tungepigana. Bajirani bangetuachanisha, na leo ningelala hapa."

Nilikwenda kwa Kambo nikikimbia. Alikuja, naye akikimbia kadiri alivyoweza, na walipoonana njiani wakaanza kama watani wanavyoanza.

"Eh, mufu! Njaa imekutosha inje ya kaburi?"

"Kambo mwizi! Kofia yangu iko wapi?"

"Nilivalisha mujukuu. Ni muzuri kuliko weye."

Watu waliokusanyika walicheka, nikafikiri sasa mambo yatatengenezeka, kwa kuwa wanacheka. Lakini Kambo aliketi chini vumbini, akapiga makofi polepole, na machozi yakamtoka bila yeye kuyafuta.

"Sikuambiwa kama iko mashaka. Niliuliza. Mwana alisema: fanya yote."

Wote wawili wakanitazama.

"Ni mutoto wa kaskazini," alisema mpangaji wetu. "Hakujua."

Nilimwuliza Kambo kama kuna dawa, sala, kuku, kitu chochote cha kulitengua jambo lile. Alisema angeweza kumrudishia kofia. Nyumba iliyofagiwa haina namna ya kurudishwa ilivyokuwa. Tukatoa sanduku, sufuria, mizani, picha, mkeka na koti, tukavipitisha juu ya uzio, kwa sababu hakutaka hata vitu vyake vipite mlangoni. Wavulana walivibeba mpaka kwa Kambo, na huko alilala siku zile. Kisha alirudi Kasenga. Mara moja moja alipopita mjini alisimama njiani na kuita, nasi tulitoka wote, tukasimama upande wetu wa uzio, naye upande wake, tukazungumza. Samaki aliwapitisha juu. Baadaye hakuja tena, na wanawake wa sokoni wakasema amezeeka, kisha wakaacha kumtaja.

Nimefanya makosa mengine ya kijana ambayo nimeyasahau. Hili halikuwa hata kosa. Kila mtu mtaani alinisifu. Fundi wangu aliwaambia wateja kwamba mimi nimeheshimu mgeni kuliko watu wazima. Nafikiri ndiyo maana haliishi kuniuma: sina wa kumwomba msamaha. Ninachowaambia vijana wenye nyumba ni kile nilichokipata hapo. Ngoja kadiri unavyoweza, uliza kila anayeweza kujua, ita majirani wawe mashahidi, kisha vunja kadenasi kwa mkono wako mwenyewe, mchana. Tunza vitu vya mtu pakavu. Usifanye zaidi ya kufungua. Akirudi, akukute wewe, na hasira yake iwe juu yako, maana mtu aliyekasirika bado ana nyumba. Wananisikiliza na kudhani ninazungumza habari za polisi.

Jioni ile, baada ya kubeba sanduku, dada yangu alikuwa akisonga bukari na mimi nimekaa kwenye kile kiti kisichokuwa kimekwisha. Jua lilikuwa bado halijazama.

"Yaya," alisema, bila kugeuka. "Baba mudogo alipokuya, aliuliza kama kilifagiwa?"

"Hapana."

"Aliuliza nini?"

"Kama kiko na muntu."

Alisonga kwa muda. Najua alikuwa akifika pale nilipokuwa nimeshafika. Kufungua tu kungetosha. Mwashi na mke wake wangeingia vilevile, moshi ungepanda vilevile, na ule mkoba ungerudi kaskazini na mahindi. Alipakua, akaita wavulana, akamwita mdogo wetu aliyekuwa bado njiani anatazama upande wa uwanja wa mpira. Wakaja wote, wakanawa, wakakaa kuzunguka sahani, hakuna aliyekosekana, kama nilivyokuwa nimeapa.